Swali la lugha: "Aidha 4 au 7"

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza: "Sisi tunaocheza sudoku ngumu, fumbo la kujaza 1 hadi 9 bila namba kurudiwa katika safu mlalo, safu wima wala mraba wa visanduku tisa, huandika kwa penseli namba zote zinazoweza kukaa katika kisanduku, kisha tunazipunguza moja moja. Kitendo hicho tukiite kuondoa, kufuta au kuengua? Mfano: Kisanduku hiki ni aidha 4 au 7, kwa hiyo 9 ya kule chini naifuta."

Sema kuengua. Kufuta ni kazi ya raba, na kuondoa ni neno la kila shughuli. Kuengua limetoka jikoni: nyama ikichemka povu hupanda, mpishi akaliengua kwa upawa, mchuzi ukabaki. Siku hizi tunalisikia zaidi wakati wa uchaguzi, mgombea anapoenguliwa, na namba zile za penseli ni wagombea hasa, maana zinagombea kisanduku kimoja. Jibu la swali ndilo hilo.

Ila katika mfano wa msomaji limo neno ambalo haliwezi kuachwa lipite. Aidha! Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni pia, vilevile, zaidi ya hayo. "Bei ya mkonge imepanda. Aidha, mvua zimenyesha vizuri." Hapo limekaa mahali pake, linaongeza jambo juu ya jambo. Halichagui. Waliolitia kazi ya kuchagua wamedanganywa na masikio: Kiingereza kina neno la kuchagua, either, lenye matamshi ya karibu na hayo, wakadhani ni mtu na nduguye. Hawana hata ujirani. Ngamiani barabara huitwa kwa namba. Mwelekeze mgeni kwamba duka liko "Barabara ya 8, aidha ya 9", na mgeni anayekijua Kiswahili atatafuta maduka mawili.

Katika mazungumzo ya barazani kosa hili linaweza kuvumiliwa, kwa kuwa msikilizaji huuliza akaeleweshwa. Katika sudoku halivumiliki hata kidogo, kwa sababu mchezo wote umesimama juu ya maneno ya kuchagua, na kuchagua kwenyewe kuna namna mbili. Tazama mbinu inayohitaji visanduku vitatu, kimoja bawaba na viwili mabawa.

Bawaba iko safu mlalo ya 2, safu wima ya 2, na ina wagombea 4 na 7 tu. Bawa la kwanza liko safu mlalo hiyohiyo ya 2, safu wima ya 8, lina 4 na 9. Bawa la pili liko safu mlalo ya 6, chini ya bawaba katika safu wima ya 2, lina 7 na 9. Sasa fuata. Bawaba ikiwa 4, bawa la kwanza limenyimwa 4, linakuwa 9. Bawaba ikiwa 7, bawa la pili limenyimwa 7, linakuwa 9. Kwa vyovyote vile bawa mojawapo lina 9. Kisanduku cha safu mlalo ya 6, safu wima ya 8, kinaonana, yaani kiko safu moja, na mabawa yote mawili: na la pili kwa mlalo, na la kwanza kwa wima. Basi 9 ya hapo inaenguliwa, hata kama bado hujui bawaba ni ngapi.

Bawaba ni ama 4 ama 7. Moja tu, na hakuna ya tatu. Ama ikirudiwa hufunga mlango, kama watu wanapoapa "ama zake ama zangu": hapo hakuna anayetarajia wote wawili washinde. Mabawa hayako hivyo. Tisa iko katika bawa la kwanza au la pili, na yaweza kuwa katika yote mawili, kwa kuwa mabawa hayo hayaonani. Bawaba ikiwa 4, bawa la pili liko huru kuwa 7 au 9. Mchezaji aliyeandika "9 iko aidha bawa hili au lile" huona bawa la kwanza limepata 9, akakimbilia kuandika 7 katika la pili. Safu tatu baadaye namba zinagongana, naye anailaumu sudoku. Kiswahili kilikuwa na ama cha kufunga na au cha kuacha wazi. Yeye akachukua neno lisilofanya kazi yoyote kati ya hizo mbili.

Kosa la pili huanzia kwenye bawaba yenyewe. Ikiwa bado ina mgombea wa tatu, tuseme 9, ile "ama 4 ama 7" ni uongo. Bawaba inaweza kuwa 9 yenyewe, mabawa yote mawili yakakosa 9, na kwa kuwa kisanduku cha kule chini hakionani na bawaba, kumwengua mgombea wake kunaweza kukuharibia fumbo zima. Hesabu wagombea kwanza, ndipo uandike ama. Masharti ni hayohayo katika mbinu ya pembe nne: 5 ikiwa na nafasi mbili tu katika safu mlalo ya 3, na mbili tu katika ya 7, zote katika safu wima ya 1 na ya 6, basi 5 nyingine zote za safu wima hizo mbili zinaenguliwa. Ikisalia nafasi ya tatu katika moja ya safu mlalo hizo, mbinu haipo.

Aidha, msomaji aandike mfano wake hivi: Kisanduku hiki ni ama 4 ama 7, kwa hiyo 9 ya kule chini, inayoonana na mabawa yote mawili, naiengua.