Maswali yenu: redio, magazeti na bahasha

Wajukuu wangu hawaamini kwamba Tanzania Bara tulikaa bila runinga hadi miaka ya tisini. Nitetee. (Babu, Kilosa)

Shikamoo, babu. Waambie hujazeeka vibaya. Vituo vya kwanza vya Bara vilianza kurusha matangazo 1994, baada ya sheria ya 1993 kuruhusu vituo binafsi. Wazanzibari walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi. Sisi huku mpira tuliusikia kwa RTD, redio ya taifa, betri zikichoka tunazianika juani.

Kijijini kwetu kuna redio jamii. Mwenyewe nani hasa?

Ninyi, kwa maandishi. Orkonerei FM ya Terrat, Simanjiro, kwa mfano, ilianzishwa kuwahudumia wafugaji wa Kimaasai. Nyingine zilipata vifaa kutoka UNESCO. Kasheshe huanza mfadhili akiondoka. Nimewahi kuingia studio moja: trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, kijana anasoma tangazo la mbuzi aliyepotea, na hela ya tangazo hilo ndiyo ya luku ya kesho. Kwa hiyo usiulize mwenyewe nani. Uliza anayelipa umeme nani.

Mwandishi alikuja kwenye mkutano wa ushirika wetu, akaomba "nauli" ndipo aandike. Tumpe?

Msimpe. Maadili yanayosimamiwa na Baraza la Habari yanakataza, na habari iliyonunuliwa leo na ninyi kesho itanunuliwa na anayewaibia pamba.

Ila nisijifanye malaika. Nilianza kama mwandishi wa kujitegemea mkoani, nalipwa kwa habari iliyotoka tu. Ikikaa kwenye droo ya mhariri, imekula kwangu. Kuna wiki nilitumia elfu saba kufuata habari, ikatoka aya mbili ukurasa wa ndani, nikalipwa elfu tano. Semina ya wiki iliyofuata ilikuwa na karatasi ya kusaini na bahasha ya kaki yenye hela. Nilisaini. Usiku niliandika habari tamu kuhusu mradi ambao sikuuona hata kwa macho. Huyo kijana wenu mnyimeni bahasha, kisha mpigieni mhariri wake mmuulize anamlipa shilingi ngapi.

Nataka kufungua runinga ya mtandaoni. Lazima leseni?

Ukirusha habari, ndiyo, kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za 2018 zilipoanza, gharama ilipita milioni mbili, na hata JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilizima mitambo kwa muda. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo kaulizie ada ya sasa kabla hujanunua kamera.

Yale magazeti yaliyofungiwa yalirudishiwa leseni?

Manne, Februari 2022: MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Lakini mpiga chapa hachapi kwa leseni, anataka fedha mezani. Na mwandishi aliyekaa miaka bila mshahara ana watoto. Wengine walishahamia kwenye uofisa habari, ambako sasa wao ndio wanaoandaa karatasi ya kusaini.