Datsun 1200 ya zamani kwenye mbio za mita 402

Ndugu, umeuliza kama Datsun 1200 ya mwaka 1972 inaweza kushindana mbio za mita 402 (robo maili) hapo Arusha, na uanze na nini. Inaweza, ila injini iache kwanza. Badilisha paipu zote za mpira za breki na mafuta ya breki, weka ya aina ya DOT 4. Mafuta ya zamani yamenyonya unyevu. Yakipata moto yanachemka na pedali inazama. Kwenye tairi soma tarakimu nne za ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za umri huo weka kando, hata zikionekana mpya.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar itazidisha petroli. Plagi ikitoka na masizi meusi, punguza jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) hatua moja ujaribu tena. Ikiwa nyeupe umepitiliza, pistoni itatoboka. Nguvu kiasi itapungua hata hivyo, usimlaumu fundi.

Ongeza springi ya pili ya kufunga kabureta, ya kwanza ikikatika kabureta isibaki wazi na injini ikakimbia yenyewe. Usiachie klachi ghafla, krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) zitavunjika.

Na kushindana barabarani usiku, hapana kabisa. Subiri njia iliyofungwa, yenye gari la wagonjwa.