Sisi akina Mbarawa wa Wete asili yetu wapi?

SUALI: Assalaam alaykum mwalimu. Jina letu la mwisho Mbarawa, kwetu Wete, na kila nikienda mjini naulizwa kabila gani hilo. Marehemu bibi akitwambia tu kuwa wazee walikuja na kaskazi. Je kila Mbarawa ni jamaa yetu? Na nianzie wapi kutafuta?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Bibi kakwambia neno kubwa, maana kaskazi ndo upepo uliokuwa ukiteremsha majahazi kutoka Barawa, bandari ya Somalia kusini ya Mogadishu, na wenyeji wake wanasema Chimini ambacho ukikitega sikio unakuta ni Kiswahili chenzetu.

Lakini hapa wengi wanakosea. Mbarawa ni jina mtu analopewa ugenini, kama tunavomwita mtu Mngazija, au Mshihiri kwa aliyetoka Shihr kule Hadhramaut. Barawa kwenyewe halimtambulishi mtu maana wote ni Wabarawa, huko wanaulizana ukoo, Hatimi au Bida. Kwa hiyo majahazi matatu ya miaka mbalimbali yanaweza kuleta Wabarawa watatu wasiojuana kabisa, wajukuu wao leo wakaonekana ukoo mmoja kwa sababu tu sisi huku tunajiita jina la mtu, la baba na la babu, na skuli au afisi ikitaka jina la mwisho watu wanaandika lile la mtaani. Sio kila Mbarawa jamaa yako.

Na usitafute jina kwa mwandiko mmoja tu. Kwa Kiarabu ni al-Barawi, ndo hivo anavoandikwa Sheikh Uways (1847–1909) aliyekuja Unguja na kuieneza tarika ya Qadiriyya. Halafu Sheikh Abdulaziz al-Amawy, aliyekuwa kadhi hapa Unguja, kazaliwa Barawa hiyo hiyo lakini jina lake linataja kabila la Kiarabu la Banu Umayya, Barawa haimo!

Anza nyumbani mwanangu. Hati ya shamba la mikarafuu, cheti cha ndoa ya bibi, na ule msahafu wa zamani, fungua kurasa za mwanzo na za mwisho kwani wazee wakiandika humo nani kazaliwa lini. Tazama neno lililokuja baada ya jina la babu wa babu, ukikuta al-Hatimi basi huo ndo ukoo, Mbarawa ni pahala. Ukishapata hilo nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, uombe na karatasi za hati za Kiarabu. Ule ukurasa wa msahafu upige picha unitumie, na pembezoni usikate.