Idadi ya vifaru wanaouawa: angalia mwaka kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kila ukurasa una idadi yake ya vifaru waliouawa na majangili Afrika Kusini. Mara nyingi wote wamechota kisima kimoja, taarifa ya wizara ya mazingira ya huko. Huyu kachukua ya 2014 (vifaru 1,215), yule ya 2023 (499), na mwaka hawakuuandika. Namba isiyo na mwaka wala nchi usiiweke kwenye kazi yako.

Itafute taarifa yenyewe, uisome mpaka chini, kwa sababu jumla peke yake inaficha mengi. Ile ya 2023 inaonyesha jimbo la KwaZulu-Natal lilipoteza 325 na Hifadhi ya Kruger 78, ilhali kwa miaka mingi Kruger ndiyo iliyoumia zaidi. Hapo ndipo pa kuuliza maswali!

Na hiyo habari kwamba "vifaru wamebaki wawili duniani" inahusu vifaru weupe wa kaskazini tu: Najin na Fatu, wote majike, wanaotunzwa kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Dume la mwisho, Sudan, alikufa hapohapo Machi 2018.