Muulize Bwana Samaki: Changu wa bomu katika soko la Majengo

*Shikamoo Bwana Samaki. Mimi ni mama lishe hapa Majengo, Dodoma. Changu wangu huja usiku kutoka Dar, ndani ya maboksi ya barafu. Juzi nimepasua wanne, nyama ikamomonyoka mkononi, na kando ya uti wa mgongo damu nyeusi imevia. Mteja wangu mmoja, kijana wa Tanga, akasema, "Mama, hawa wa bomu." Nimeogopa. Nimewalisha watu sumu?*
*Mama lishe, Majengo*

Marahaba, mama. Sumu hapana. Samaki wa bomu ni yule aliyevuliwa kwa kulipua baruti majini. Ubaya wake ni kwamba mlipuko humvuruga ndani, damu ikavia nyamani, akaanza kuharibika kabla gari halijafika hata Chalinze. Atakayemla ameharibika ataumwa tumbo, kama ambavyo angeumwa kwa samaki mwingine yeyote aliyeoza.

Lakini usimhukumu changu kwa ulaini peke yake. Gari likilala Gairo, barafu ikayeyuka, kisha samaki wakagandishwa upya, nao watalegea vilevile. Wala usitegemee kibofu cha hewa kilichopasuka, maana samaki wa mshipi aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu naye hupasuka kibofu. Wewe mpasue tumbo, toa matumbo, kisha pitisha kidole gumba juu ya uti kuanzia kichwani. Wa bomu utakuta pingili zimeachana au uti umekatika katikati, mbavu zimechomoka nyamani, na damu imetanda chini ya uti, ilhali ngozi ya nje haina hata mkwaruzo. Mmoja wa namna hiyo, huenda aliangukiwa na boksi. Wanne katika mzigo mmoja? Kijana wa Tanga anajua anachosema.

Mwambie anayekuletea kwamba kuanzia sasa utapasua wawili mbele yake kabla ya kutoa hela. Atanuna, mwache anune. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimbani mvuvi peke yake. Hata anayekutwa na samaki wa baruti au anayewauza ana kosa. Na uwe mwangalifu zaidi na wale wanaotembea kwa makundi, yaani changu, mbono na vibua, kwa sababu bomu hutupwa palipo na kundi.

*Shikamoo mzee. Nafanya kazi machimbo ya kokoto nje kidogo ya jiji. Baruti zinazobaki baada ya kupasua mwamba si zote zinazoandikwa kurudi stoo. Mwenzangu anasema kuna watu wanazinunua wanapeleka pwani. Mimi naona ni porojo. Kutoka huku hadi baharini si karibu kilomita mia tano?*
*Kijana wa kokoto, Dodoma*

Marahaba, kijana wangu. Si porojo, na barua kama hii nimeisubiri tangu nilipopewa ukurasa huu. Mvuvi wa Kilwa hana kiwanda cha baruti. Fataki, yaani kilipuzi kidogo cha kuwashia baruti, na tambi anazotumia zinatoka migodini, kwenye machimbo ya mawe na kwenye ujenzi wa barabara. Sasa itazame Dodoma yetu tangu serikali ihamie: majengo ya Mtumba, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato. Kote huko ni kokoto, na kabla ya kokoto kuna mtu aliyelipua mwamba na mwingine aliyetia saini kwenye daftari la stoo. Fataki inaingia mfukoni mwa shati. Basi la asubuhi linaifikisha Dar kabla jua halijazama.

Ngoja nikueleze inachofanya ikifika. Nimefanya kazi pwani miaka mingi kabla sijahamia huku kwenye vumbi, na nimezamia palipopigwa bomu. Mwamba wa matumbawe ulio mzima una rangi, una mashimo, na kila shimo lina mpangaji: chewa, pweza, kamba koche. Palipopigwa pamebaki vipande vyeupe vimetapakaa mchangani, kama vigae vya chungu kilichoangushwa, na wimbi likipita vinabingirika. Kubingirika huko ndiko kunakoumiza zaidi. Matumbawe machanga huelea majini yakitafuta mahali pagumu pa kushika, na kipande kinachogeuka kila siku hakishikiki. Ndiyo maana sehemu iliyolipuliwa kwa sekunde moja inaweza kukaa miongo bila kuota kitu. Matumbawe yale ya mviringo, makubwa kama jiwe, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Ukiona la kimo cha mtu, ujue lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mchezo huu wa kuvua kwa bomu ulianza pwani yetu miaka ya 1960, ukapigwa marufuku 1970, na bado uliendelea. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania Bara kwa mashua, wakiwa na vinasa sauti chini ya maji. Kwa siku 31 walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Pale pale mama wa Majengo anapoagizia changu wake.

Usiende kugombana na msimamizi wako, utafukuzwa na baruti zitaendelea kutoka. Vibali vya baruti viko chini ya Tume ya Madini, na makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma. Nenda ukaseme kwa mdomo, bila barua: daftari la stoo la mahali fulani lilinganishwe na mashimo yaliyotobolewa siku hiyo. Mkaguzi anayeijua kazi hahitaji zaidi ya hapo.

*Mzee, mnawaandama wavuvi wadogo wakati meli kubwa za kigeni ndizo zinazomaliza bahari. Kwa nini?*
*Mwanafunzi, UDOM*

Umechanganya mambo mawili, mwanangu, ingawa hasira yako ina haki. Meli za jodari huvua bahari kuu, na ndoano zake haziufikii mwamba. Zikiingia bila leseni ni wizi, kama ile Tariq 1 iliyokamatwa 2009 Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, hadi shehena yake ikaitwa "samaki wa Magufuli". Ni wizi wa samaki, lakini matumbawe yalibaki salama.

Trola ndiyo huburuta wavu chini. Kule Norwe ilisaga matumbawe ya maji baridi kwenye kina kirefu, mpaka mwaka 1999 wakaifungia isifike mwamba wa Sula. Kwetu trola za kamba ziliukwepa mwamba kwa sababu unachana nyavu, zikaharibu kwingine.

Kwenye matumbawe yetu wanaoharibu ni bomu na kokoro, yaani wavu wa kuburuta, na wote wawili hushikwa na mvuvi mdogo. Ila boti, injini na baruti mara nyingi ni za tajiri asiyelowa hata nguo. Mvuvi hukatika mkono, tajiri huchukua mzigo. Huyo ndiye mfanyabiashara ninayetamani umkasirikie.

*Matumbawe ni mawe au mimea?*
*Darasa la sita, Kondoa*

Ni wanyama, wadogo sana, wanaoishi pamoja kwa maelfu. Jiwe ni nyumba wanayoijenga wenyewe. Msalimieni mwalimu.

*Bwana Samaki, kikundi chetu cha akina mama tunataka kuleta pweza Kongwa moja kwa moja kutoka kisiwani. Ni kweli huko wanafunga bahari?*
*Mweka hazina, Kongwa*

Hawafungi bahari yote, mama. Wanafunga kipande cha mwamba, kwa kawaida kama miezi mitatu, kisha wanakifungua kwa siku maalumu. Songosongo wamefanya hivyo, na Kisiwa Panza kule Pemba pia. Pweza hunenepa upesi mno, kwa hiyo siku ya ufunguzi wanatoka wakubwa, tena wengi. Pigeni simu kwa BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, muulize tarehe mapema, kwa sababu wanunuzi wa viwanda hufika na magari yenye friza. Pelekeni barafu yenu wenyewe. Kisiwani huisha saa nne asubuhi.