Shati la kupimisha mtandaoni: wape vipimo vya shati linalokukaa, mwili uache

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Uliagiza mtandaoni mashati matatu meupe ya kazini, yale yanayoshonwa kwa vipimo vyako, mdogo wako akakupima sebuleni, na yote yamekuja na kasoro zile zile: shingoni yanakaba, ukiinua mkono kushika bomba kwenye daladala yanachomoka kwenye suruali, na bega la kulia lina mikunjo ambayo pasi haiitoi. Kampuni inakujibu kuwa imeshona ulichoandika. Sasa unauliza kama uachane nao urudi kwenye mashati ya dukani.

Usirudi. Naagiza mashati ya namna hii tangu 2018, na ninayovaa sasa yananikaa kuliko shati lolote nililowahi kununua dukani au kuchagua kwenye mtumba wa soko la Karume, Dar es Salaam. Lakini la kwanza lilikuwa baya kuliko hayo yako. Nilijipima kifua, nikapata sentimita 98, nikaandika 98. Kumbe ukurasa ule ulitaka vipimo vya shati lililokwisha kushonwa. Likaja shati la sentimita 98 kwa mtu mwenye kifua cha sentimita 98. Kifungo cha tatu kilifika kwenye tundu lake baada ya kutoa pumzi yote, na nilipovuta pumzi kikafunguka. Pesa ile nilikuwa nimeidunduliza miezi miwili. Niliumia sana.

Kwa hiyo kabla ya kulaumiana na kampuni, fungua tena ule ukurasa uone walikuwa wanauliza nini, mwili au shati. Kati ya hivyo viwili ndipo inapokaa nafasi ya kupumua, kukaa kwenye kiti na kunyoosha mikono. Mimi mwenye 98 navaa shati la 110 nikitaka limebana kidogo, na la 114 kwa siku ya kushinda ofisini. Ukiwapa kipimo cha mwili, wao ndio wanaongeza hiyo nafasi kwa hesabu zao. Ukiwapa cha shati, hawaongezi hata nusu sentimita. Mkono nao una mtego wake: wapo wanaoupima kuanzia mshono wa begani, na wapo wanaoanzia katikati ya mgongo chini ya kola, wakapita begani mpaka kwenye kifundo. Tofauti yake ni nusu ya mgongo wako. Mchoro wao usiupite harakaharaka.

Kama wanakubali vipimo vya shati, basi wape vya shati. Mwili hautulii. Unajikaza ukipimwa, unabana tumbo bila kujua, na anayekupima akivuta tepu kidogo tu tayari umepoteza sentimita 2. Shati likiwa mezani limetulia. Chagua moja ulilonalo linalokukaa vizuri kuliko mengine, hata kama lina kasoro moja unayoijua, na liwe limeshafuliwa mara nyingi, maana hilo halitarudi tena, yaani halitapungua kwa kufuliwa. Lipige pasi, funga vifungo vyote, lilaze juu ya meza ngumu. Kitandani hapana, godoro linabonyea. Lisawazishe kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka kitambaa kitulie bila kuvutika.

Kifua pima sentimita 2.5 chini ya kwapa, mshono wa ubavu huu mpaka wa ubavu ule, kisha zidisha mara mbili. Kiuno vivyo hivyo, pale lilipo jembamba, halafu pindo la chini. Mabega pima kwa nyuma, kutoka mshono wa mkono mmoja hadi wa pili, na mkono kutoka mshono huo huo hadi mwisho wa kafu, ule ukanda wa kifundoni wenye kifungo. Unene wa mkono karibu na kwapa usiuache, watu wengi wanauruka halafu wanashangaa kwa nini shati linabana wakikunja kiwiko. Kola ifungue, itandaze, upime kutoka katikati ya kifungo mpaka katikati ya tundu. Kila kipimo rudia mara tatu. Vikitofautiana, hujalisawazisha shati vizuri, anza upya.

Na tepu yenyewe ikague. Niliwahi kupata vipimo visivyoelewana na vya fundi wangu, nikahangaika wiki nzima, mpaka siku moja nikailaza tepu yangu ya kitambaa pembeni ya rula ya chuma. Kwenye mita moja ilikuwa imevutika kwa sentimita 1 na ushee. Tepu ya zamani inayovutwavutwa kila siku inarefuka, na ikirefuka inakudanganya kuwa wewe ni mwembamba. Huenda na ya mdogo wako iko hivyo hivyo.

Shingo yako kukaba kunaweza pia kutokana na kufua. Pamba inavutwa wakati wa kufumwa na kumaliziwa kiwandani, ikikutana na maji inarudi, zaidi kwa upande wa urefu. Ukiona maelezo ya kitambaa yana neno "sanforized", hilo limetokana na jina la Mmarekani Sanford Cluett, ambaye miaka ya 1930 alipata hataza ya mashine ya kukirudisha kitambaa kabla hakijakatwa. Kitambaa cha hivyo kinarudi kidogo mno, asilimia 1 hivi. Vingine vinaweza kurudi asilimia 3 au zaidi, na kwenye mkono wa sentimita 65 hiyo ni karibu sentimita 2, yaani kafu inahama kutoka kwenye kifundo cha mkono ikaonyesha saa yote. Waulize swali moja tu: je, mnaongeza ya kurudi, au niongeze mimi? Wakiongeza wao na wewe ukaongeza, mikono itakufika vidoleni. Na usilihukumu shati jipya kabla ya kulifua mara tatu.

Sasa hilo la kuchomoka kwenye suruali. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi nilipotea mashati mawili mazima. Unafikiri shati ni fupi, unaagiza refu zaidi, linakuja limefika karibu na magoti na bado linachomoka. Tatizo halipo chini, lipo kwapani. Kwapa la shati likikatwa chini sana, mkono unakuwa umeshikamana na ubavu. Ukiinua mkono, mkono unavuta ubavu, ubavu unavuta pindo, na shati ulilochomekea asubuhi linatoka lote. Kwapa likikatwa juu, karibu na kwapa lako mwenyewe, mkono unapanda peke yake na ubavu unabaki ulipo. Inashangaza mwanzoni, kwa sababu akili inakuambia penye nafasi kubwa ndipo penye uhuru. Jaribu mwenyewe: vaa shati hilo, shika kitambaa cha ubavuni kwa mkono wa pili, kisha inua mkono juu. Ukisikia kitambaa kinapanda mara tu mkono unapoanza kuondoka, kwapa liko chini.

Langu lilikuwa na mzunguko wa sentimita 52, nikalipunguza likawa 50, halafu 48, na hapo nikasimama. Shuka kidogokidogo namna hiyo. Likianza kukukata kwapani ukiwa umekaa kwenye dawati, umepitiliza. Kampuni ambayo haina kabisa sehemu ya kujaza kwapa, ningeitafutia mbadala.

Bega la kulia ndilo lililonifundisha kuwa picha na fomu haziwezi kumaliza kila kitu. Nilikuwa na mkunjo kama wako, unaanzia shingoni upande wa kulia unashuka kimshazari mpaka kwapani. Nikaongeza kifua, haukuondoka. Nikaongeza mabega, ukazidi. Mwishowe nikaenda kwa fundi mmoja, mama wa makamo mwenye cherehani barazani kwake kule Mwananyamala. Aliniambia nisimame kama ninavyosimama siku zote, nisijinyooshe. Akakaa nyuma yangu muda mrefu bila kunigusa. Halafu akashika kitambaa juu ya bega la kulia, pale kinapokutana na kola na kuelekea mkononi, akakibana kwa vidole viwili kama sentimita 1 na nusu, akachoma pini. Mkunjo ukapotea pale pale. Nilikuwa najitazama kwenye kioo chake cha ukutani na sikuamini. "Bega hili limeshuka," akasema, "begi unabebea upande huu?" Kweli, miaka kumi begi la kompyuta lilikuwa bega hilo hilo. Kwenye oda iliyofuata nikaandika bega la kulia lishushwe sentimita 1.5, kushoto waache kama lilivyo. Lilipokuja nililivaa nikashinda nalo mpaka usiku.

Wapo watakaokuambia, kama fundi ana jicho hilo, kwa nini asikushonee yeye? Amenishonea, na vizuri. Ila vitambaa vyepesi vya pamba ninavyovipenda sivipati kwa uhakika madukani, na shati la pili la fundi halitoki sawasawa na la kwanza, kwa sababu hachori karatasi ya kubaki nayo. Kampuni ikishalipata umbo lako inalihifadhi, la kumi linafanana na la tisa. Mimi natumia vyote viwili, jicho la fundi na kumbukumbu ya mashine, na sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Kuhusu hayo matatu uliyonayo: kola inayokaba kidogo inaokolewa. Fundi ahamishe kifungo cha shingoni kuelekea ukingoni kwa nusu sentimita, isizidi moja. Ukivaa tai hakuna atakayeona. Kola sahihi ni ile ambayo ukiifunga vidole viwili vinapita bila kulazimisha. Bega la kulia anaweza kulifumua na kulishusha, lakini ni kazi ya kutoa mkono na kola, mpe shati moja kwanza uone. Kwapa asiliguse, kupandisha kwapa kunahitaji kitambaa ambacho hakipo. Mashati haya mishono yake imelazwa na ndani haina akiba, yanaweza kupunguzwa, kuongezwa hayawezi. Ndiyo maana kwenye oda ya majaribio ukisita kati ya namba mbili, andika kubwa.

Na oda ijayo iwe ya shati moja. Kampuni nyingi zinarekebisha au kurudia shati la kwanza bure kama halikukaa, lakini masharti yao yanahusu la kwanza na yana siku zake, kwa hiyo yasome kabla ya kulipa. Rangi ya kola, aina ya kafu, mfuko upo au haupo, hayo utayachezea baadaye. Chukua pamba nyeupe ya kawaida isiyovutika, maana kitambaa kinachovutika kinaficha makosa. Shati likishafuliwa mara tatu, livae, omba mtu akupige picha nne: mbele, nyuma, ubavuni, na nyuma ukiwa umeinua mikono. Mikunjo ya kulala juu ya mkanda kwa nyuma ina maana nyonga zimebana, ongeza pindo la chini kabla ya kugusa kiuno. Mikunjo inayokutana kwenye kifungo kama msalaba ni kifua au tumbo, kutegemea kifungo kilipo. Badilisha vitu viwili tu kwa oda moja, vikizidi hutajua kipi kimekusaidia.

Ukipata nafasi weka hapa vipimo vya shati lako bora na vya haya matatu, sambamba, pamoja na picha ya mgongoni bila kujinyoosha. Uso ufiche. Nitaviangalia jioni nikitoka kazini.