Mnara Unasema Lakini Hausikii: Maswali Yenu Kuhusu Amplifaya ya Mnarani

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nasimamia saiti moja ya kijijini yenye masafa ya MHz 2100. Watu wa upande wa bondeni wanalalamika: simu inaonyesha vijiti vitatu, wakipigiwa wanamsikia mtu vizuri, lakini wao hawasikiki na simu hukatika. Mkandarasi anapendekeza tufunge amplifaya juu ya mnara. Itasaidia, au ni kutupa fedha?
*Msimamizi wa saiti, Singida*

JIBU: Ndugu yetu, dalili ulizotaja ni za mnara usiosikia vizuri, na huo ndio ugonjwa ambao amplifaya hii, mafundi huiita TMA, imetengenezwa kuutibu. Inakuza mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye simu kabla hayajaingia kwenye kebo ndefu ya kushuka chini. Mawimbi yanayokwenda kwenye simu hupita ndani yake bila kukuzwa, tena hupungua kidogo, kama nusu desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi). Kwa hiyo yule wa bondeni ambaye simu yake haina hata kijiti kimoja, TMA haitamfaa kitu.

Kwa nini ikae juu na si chini kando ya redio, yaani mtambo wa mnara unaopokea na kurusha mawimbi? Kebo ya inchi 7/8 kwenye MHz 2100 hupoteza kama desibeli 6 kwa kila mita 100. Kebo ya mita 45 pamoja na jampa zake (kebo fupi za kuunganishia) inakula kama desibeli 3, yaani nusu ya nguvu ya simu inaishia njiani. Ukiongeza kelele ya redio yenyewe, yaani mawimbi ya fujo yanayozalishwa na mitambo yake, tuseme desibeli 3 nyingine, mfumo mzima una desibeli 6 za kelele. Weka juu amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 12 na kelele yake ya desibeli 1.5, hesabu inashuka hadi karibu desibeli 2. Umeokoa desibeli 4, sawa na kila simu ya bondeni kuongezewa nguvu mara mbili na nusu. Amplifaya hiyo hiyo ukiifunga chini haiokoi hizo 3 za kebo. Inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka, pamoja na kelele yake.

Kabla ya kusaini chochote, muulize mkandarasi redio iko wapi. Kama ni zile redio za kufungwa juu kando ya antena, RRU, jampa zake ni za mita 2 au 3 tu na hasara ya kebo karibu haipo. Hapo TMA ni mzigo wa bure mnarani, na ni viungio vya ziada vya kuingiza maji. Angalia mwelekeo wa antena na vizuizi kwanza.

SWALI: Nimepewa kazi ya kufunga TMA kwenye saiti ya sekta tatu, yaani pande tatu za huduma. Naomba mpangilio wa kazi, na vitu ambavyo mafundi wengi huvisahau.
*Fundi wa minara, Morogoro*

JIBU: Kwa antena za kawaida zenye milango miwili, utahitaji TMA pacha 3 (zenye njia mbili ndani ya kasha moja), moja kwa kila sekta, na jampa mpya 6 fupi kutoka TMA kwenda antena. Jampa za zamani zinazotoka kwenye kebo kuu zitaingia upande wa chini wa TMA. Kwa jumla una viungio 18 vya kukaza na kuvika tepu, basi beba tepu kwa hesabu hiyo.

Kazi ya kwanza hufanyika chini. Andika namba ya kila TMA na sekta itakakokwenda. Kwa zile zinazosimamiwa kwa mfumo wa AISG, unaoongoza vifaa vya antena kwa mbali, kompyuta itakuonyesha namba tu, haijui ipi iko upande wa kaskazini. Asiyeandika hupanda tena kwenda kuzisoma. Linganisha pia lebo na masafa ya saiti: ya MHz 2100 hupokea 1920 hadi 1980, na ya 1800 hupokea 1710 hadi 1785. Kwa nje mara nyingi zinafanana kabisa.

Kisha zima sekta unayoifanyia kazi, na hakikisha aliye kwenye kituo cha usimamizi ameifunga isiwashwe tena akiwa mbali. Hanesi iwe na kamba mbili, moja ikihama nyingine imeshika. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, shuka.

Kabla ya kuunganisha TMA, weka mzigo wa omu 50 kwenye ncha ya juu ya kebo, upime kutoka chini. VSWR, kipimo cha mawimbi yanayorudi nyuma badala ya kupita, isizidi 1.3. Tunasisitiza upime sasa kwa sababu ndani ya TMA kuna vichujio. Ukishaiunganisha, kipimo cha kutafuta umbali wa hitilafu hakisomeki sawasawa, na kebo mbovu itajificha nyuma yake.

Funga TMA kwenye bomba karibu na antena kadiri jampa inavyoruhusu, tundu la kutolea maji likitazama chini. Mlango ulioandikwa ANT uende kwenye antena, BTS kwenye kebo. Ukigeuza, umeme hauingii na sekta inakuwa kiziwi. Waya wa ethi wa milimita 16 za mraba uende kwenye baa ya ethi kwa njia fupi, bila mizunguko.

Konekta za 7/16 zikazwe kwa spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza), milimita 32, kati ya Nm (nyutoni mita) 25 na 30. Zile mpya za 4.3-10 hutaka Nm 5 tu kwa spana ya milimita 22. Ukizikaza kwa nguvu ya 7/16 umeziharibu. Mkono peke yake hautoshi, hata wa fundi mzoefu. Kiungio kilicholegea huzalisha mawimbi ya bandia, na yakiangukia kwenye masafa ya kupokea, ile sekta uliyokuja kuiponya inazidi kuugua.

Tepu ndiyo inayoamua kazi itadumu miaka mingapi. Tabaka la kwanza ni tepu ya umeme, la pili tepu ya butili, kisha tepu ya umeme mara tatu: kupanda, kushuka, kupanda. Kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Tabaka la mwisho lianzie chini kwenda juu, kama unavyoezeka makuti, ili wa juu umlalie wa chini na maji yateleze. Mzunguko wa mwisho usiuvute, na ukate kwa kisu. Tepu iliyovutwa hurudi kwa jua, ncha inafunguka, na mvua ya kwanza inaingia.

SWALI: Nyumbani kwangu mtandao ni hafifu. Naweza kununua kikuza mawimbi nikakifunga mwenyewe?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hicho ni kifaa kingine kabisa, na usikifunge bila kuuliza. Kwa Tanzania, vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Antena ya nje ikiwa karibu na ya ndani, kifaa hujisikia chenyewe na kupiga kelele kama spika iliyoelekezewa maiki, na anayeumia ni mnara unaohudumia mtaa mzima. Anza kwa mtoa huduma wako, mwombe apime.

SWALI: Hamjambo mafundi. Tumefunga TMA, redio inaleta kengele kwamba haipati umeme. Tumebadilisha TMA mara mbili, kengele iko pale pale.
*Kikosi cha matengenezo, Mombasa*

JIBU: Hatujambo. Acheni TMA, angalieni kinga radi iliyo chini kwenye mlango wa kebo. TMA hupata umeme kupitia waya wa kati wa kebo hiyo hiyo ya mawimbi. Saiti nyingi za zamani zina kinga radi ya robo wimbi, ambayo kwa umeme wa DC ni shoti tupu kwenda ethi. Ifungueni, mpime kwa mita kati ya pini ya kati na mwili wake. Ikisoma sifuri, ndiyo hiyo. Wekeni ya aina ya mrija wa gesi inayopitisha DC, kwenye kebo zote zenye TMA.

Kama kinga radi ni nzima, fungueni konekta ya juu mtazame ndani. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, ukungu wa kijani kwenye pini unatosha kukata umeme.

Umeme ukishafika, ingizeni kwenye mipangilio ya redio ukuzaji wa TMA na hasara ya kebo. Kwenye 3G, sekta isiyo na wateja usiku husoma kelele ya karibu dBm −105 (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja). Ikiruka hadi karibu −97 baada ya kufunga, TMA inafanya kazi ila redio haijaambiwa ipo, na itazisukuma simu zote zipige kwa nguvu kuliko inavyohitajika.